Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya kazi na uchumi Zanzibar: tija mnayotuomba imekwama mchangani

Waheshimiwa, assalamu alaykum.

Kila Mei Mosi mnatupongeza, mnatutajia nyongeza ikiwa ipo, kisha mnafunga hotuba kwa kututaka tuongeze tija. Neno hilo nimelisikia nikiwa kijana wa kufagia majani ya mivinje ufukweni, nimelisikia nikiwa mhudumu wa vyumba, na bado nalisikia nikiwa msimamizi wa hausikipingi, mwenye watu kumi na wanane chini yangu msimu ukiwa juu na watu wanne masika yakiingia. Miaka kumi na sita sasa. Sijasikia hata siku moja mwajiri akiambiwa aongeze tija, wala wizara ikijiambia yenyewe.

Mimi si mchumi. Ila nimekaa muda mrefu pale kazi inapofanyika, na nimeona inapokwama. Inakwama kwa sababu mfanyakazi wa Zanzibar, nje ya ofisi za Serikali, amefanywa mtu wa kuachwa Aprili na kuokotwa Julai. Mtu wa namna hiyo hakuna anayejisumbua kumfundisha. Hanunuliwi kifaa cha maana. Akiwa na wazo, hana wa kumwambia. Ukimhimiza afanye bidii, unamhimiza mtu anayesukuma gari lisilo na magurudumu.

Na magurudumu nayasema kwa maana yake hasa. Hoteli niliyojifunzia kazi, hapa pwani ya mashariki baina ya Bwejuu na Jambiani, vyumba vyake vilitawanyika mchangani. Kutoka dobi hadi chumba cha mwisho ni kama mita mia tatu. Hoteli ilikuwa imeagiza vitoroli vizuri vya chuma, vile vya kusukumwa kwenye korido za ghorofani. Siku ya kwanza vilizama mchangani hadi kwenye ekseli, na kuanzia siku ya pili vikawa meza za kukunjia taulo. Shuka tukawa tunabeba kichwani, safari nne au tano kwa chumba ukihesabu maji, sabuni na nguo chafu za kurudisha. Mhudumu alipangiwa vyumba saba, na saa kumi jioni alikuwa bado kwenye cha sita. Meneja akatuita wavivu.

Msimu wa tatu, mwenzetu mmoja ambaye nduguye ni fundi baiskeli alipata ujasiri wa kusema. Fundi akachomelea mkokoteni wa fremu nyepesi na kuutia tairi nne pana za pikipiki, zilizochakaa. Wiki ile ile watu wakawa wanamaliza vyumba kumi na kwenda nyumbani saa yao. Hakuna aliyekuwa ameongeza bidii. Nilipomuuliza kwa nini hakusema tangu mwanzo, alinijibu kwamba wazo alikuwa nalo tangu msimu wa kwanza, lakini mtu wa mkataba wa miezi mitatu akitoa mawazo anaonekana mjuaji, na wajuaji hawaitwi tena.

Misimu miwili mizima, waheshimiwa, tija ya hoteli ile ililala kichwani mwa mtu aliyeogopa kutoitwa tena.

Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 736,000. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali hutoa hesabu hiyo kila mwezi, na inatoa vizuri: tunajua wageni wametoka wapi na wameingia kwa njia gani. Upande wa pili wa hesabu siuoni. Sijaona karatasi ya kila mwezi inayosema ni wafanyakazi wangapi wa hoteli walioingia Aprili wakiwa na kazi na kuitoka wakiwa hawana.

Nikwambieni inavyokuwa kwetu. Mikataba mingi inaisha mwisho wa Machi. Mvua za masika zikitia, hoteli inafunga au inabakisha walinzi na mtu wa bustani. Mwezi wa sita au wa saba simu zinaanza kupigwa, na ukirudi unasaini karatasi mpya yenye tarehe mpya. Mimi nimewahi kusaini mara saba kwa kazi ile ile, kwa mwajiri yule yule, na mara zote saba niliandikwa kuwa niko kwenye majaribio. Mtu wa majaribio kwa miaka saba! Miaka haijumlishwi, kwa hiyo kiinua mgongo hakina pa kuanzia, na benki ukienda kuomba mkopo wa kumalizia nyumba wanakuuliza umeajiriwa tangu lini, unabaki kuangalia dari.

Kwa mwajiri hilo linaonekana faida. Mimi nasema naye anapata hasara, ila hasara hiyo haina mstari kwenye daftari lake. Mwaka mmoja mwajiri wangu huyo alinunua programu ya kompyuta ya kupanga usafi wa vyumba. Mtaalamu akaja, akakaa siku kumi, watu tisa wakafundishwa. Aprili wote tisa wakaondoka. Julai wakarudi wawili. Mmoja alikuwa ameshapata kazi Nungwi, mmoja amefungua genge, mmoja yuko Muscat kwa mjomba wake, wengine sikusikia habari zao. Sisi tukarudi kwenye ubao na chaki, na programu ile iliendelea kulipiwa ada kwa mwaka mzima bila mtu kuifungua.

Masika hatuwezi kuyafuta, wala sijaja kuomba mwajiri alipe mishahara kamili wakati vitanda viko tupu. Wenzetu wenye visiwa vya wageni kama sisi wamelitafutia dawa. Uhispania, ambako Mallorca na Ibiza hujaa watu kiangazi na kupwaya kipupwe, kuna mkataba wa kudumu wa vipindi. Msimu ukilala, mtu anakwenda kwao na mshahara unasimama, lakini bado ni mwajiriwa. Msimu ukifunguka, mwajiri analazimika kumwita kwa utaratibu unaojulikana tangu mwanzo, na miaka yake inaendelea kuhesabiwa. Mageuzi ya sheria yao ya kazi ya mwishoni mwa 2021 yalibana mikataba ya muda mfupi na kuwasukuma waajiri kwenye mkataba huo. Morisi nao, kwa Sheria ya Haki za Wafanyakazi ya 2019, waliunda mfuko ambao kiinua mgongo kinamfuata mfanyakazi kila anakokwenda. Akibadilisha mwajiri mara nne, michango ya wote wanne inamngoja mahali pamoja.

Sheria yetu ya Ajira, Namba 11 ya 2005, sina ugomvi nayo kwa mtu mwenye mwajiri mmoja na mwaka mzima wa kazi. Lakini utalii wetu hauna mwaka mzima, una miezi minane au tisa. Andikeni mkataba wa msimu unaoendelea, wenye jina lake na kifungu chake, na majaribio ya mara moja tu kwa mwajiri mmoja.

Kisha hiyo miezi ya mvua tuifanye skuli. Hili ndilo ninalolitaka kuliko yote niliyoandika humu. Aprili na Mei ni wiki nane ambazo maelfu ya watu wazima, wenye kazi, wanaojua wamepungukiwa wapi, wamekaa nyumbani wakiangalia mvua. Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ina vituo Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji, na SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wana watu wa utalii pale Maruhubi. Mhudumu wa vyumba akipata wiki nane za Kiingereza cha kazi na hesabu za stoo, Julai anarudi mtu mwengine. Mpishi msaidizi akipata wiki nane za usafi wa chakula, mwajiri anapunguza kutupa. Fundi wa viyoyozi tunamleta kutoka Dar es Salaam kwa boti, tunamlipia chumba na chakula, na wakati huo huo kijana wa matengenezo wa hoteli amelala kwao Makunduchi tangu Machi.

Fedha, mtasema. Waajiri tayari wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi. Singapore walianza yao mwaka 1979: wakati huo mwajiri alitozwa kwa wafanyakazi wake wa mishahara midogo, fedha zikaingia kwenye mfuko, na yule mwajiri aliyewafundisha watu wake akarudishiwa sehemu ya gharama. Asiyefundisha akawa amemlipia mwenzake. Kila baada ya muda tunasikia jukwaani kuwa Zanzibar itakuwa Singapore ya Afrika, na huwa wanatajwa maghorofa na bandari. Tozo hii sijasikia ikitajwa, na ingekuwa rahisi kuiga kuliko ghorofa. Sisi tunailipa, lakini mimi kwa miaka kumi na sita sijakutana na mhudumu wa hoteli aliyefundishwa kwa fedha zake. Mtuambie zinakokwenda, halafu muifungue kwa mwajiri atakayempeleka mtu darasani masika.

Sasa lile neno ambalo hamlisemi hadharani lakini wawekezaji wanalisema mezani, na baadhi yenu mnalitikisia kichwa: Wazanzibari wavivu, hawajui lugha, bora tulete mtu kutoka nje. Nisieleweke vibaya. Wenzetu kutoka Tanzania Bara na Kenya nafanya nao kazi, wengine nimejifunza kwao, na wengi wana vyeti ambavyo sisi hatuna. Lakini nendeni Kiwengwa. Hoteli za Wataliano zilipoota pale, vijana ambao skuli waliiacha njiani walijifunza Kitaliano kwa masikio, hadi leo wanakushushia bei ya safari ya pomboo kwa Kitaliano cha kutaniana. Hakuna aliyewahimiza. Waliona kwamba lugha inalipa siku hiyo hiyo. Mtu anayejua kwamba Aprili anaachwa hata akijua lugha tatu, ajifunze ya nini?

Na anayesema watu wa pwani hii wavivu, basi hajaamka na mama yangu.

Mwani wa biashara ulianza kupandwa Paje na Jambiani mwaka 1989, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Mama aliingia miaka michache baadaye. Nilikuwa mdogo, nikibebeshwa kapu la mambo, vile vijiti vinavyochomekwa mchangani chini ya maji, viwili viwili, baina yake kamba, na juu ya kamba taitai za kufungia mbegu. Wakulima wa mwani visiwani humu sasa wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu, na wengi mno ni wanawake. Kazi yao inapangwa na mwezi. Bamvu, zile siku za maji kupwa sana, likifika wanaingia maji yakipwa, wanainama saa tatu nne kwenye maji ya magoti, na maji yakirudi wanatoka na magunia mabichi mgongoni. Kilo saba au nane mbichi ndizo zinazotoa kilo moja kavu. Maji yakiwa mafu, yasiyopwa vya kutosha, hakuna cha kufanya isipokuwa kufunga taitai kibarazani. Kwa miaka mingi kilo moja kavu ya spinosum, ule mwani mwembamba, haikufika hata shilingi elfu moja.

Hesabu hiyo ipigeni wenyewe kwa saa. Mimi nimeipiga, na nikaacha kumwambia mama matokeo.

Zamani walikuwa na kotonii, mwani mnene wenye bei nzuri zaidi. Maji yalipozidi joto ukawa unageuka mweupe na kukatika, na Unguja karibu wote waliuacha. Unaweza kuendelea kwenye maji ya kina, yenye ubaridi. Dk. Flower Msuya na wenzake, watu wanaojua habari za mwani kuliko yeyote tuliyenaye, walijaribu na wakulima nyavu za mrija za kuning'inizwa huko nje, mwani haukatiki hovyo na hakuna mambo ya kuchomeka. Basi ufumbuzi upo. Kilichokosekana ni kwamba mama yangu hajui kuogelea. Amefanya kazi baharini zaidi ya miaka thelathini na hajui kuogelea, kama wenziwe karibu wote wa rika lake, maana hapa mtoto wa kike hakuwa anafundishwa. Boti za faiba ziligawiwa kwa fedha za ahueni ya UVIKO-19, na nashukuru. Lakini boti bila watu wanaoweza kuteremka kutoka humo wakarudi salama, na bila fundi wa mashine pale kijijini, inaishia kufungwa kwenye mvinje. Somo la kuogelea kwa wanawake wa mwani, na mwalimu mwanamke, mahali pa stara, mliandike kwenye mafunzo ya kazi. Msiliache liwe hisani ya wafadhili. Hicho ni kifaa cha kazi kama kilivyo kwa fundi bomba spana yake.

Kuna jambo jengine la mwani ambalo kila mkulima analijua na kila bwana shamba analilalamikia. Mwani unatakiwa ukae kama wiki sita ndiyo uwe na karajinani ya kutosha, ule ute wa kugandisha unaoingia kwenye dawa ya meno na aiskrimu. Wakulima wengi wanavuna mapema, wiki ya tatu, ya nne. Wanaitwa wakaidi, wanaitishiwa semina. Lakini mnunuzi akifika na mizani yake, mwani wa wiki sita na mwani wa wiki tatu ni bei moja, na ada ya skuli inadaiwa leo. Wekeni madaraja ya ubora yenye bei tofauti kwenye mizani, muone kama kuna atakayehitaji semina. Kiwanda cha Serikali cha kule Chamanangwe, Pemba, kianze na hilo: daraja, bei yake, na ubao ulioandikwa kwa Kiswahili pale pale kijijini, mzigo unaponunuliwa.

Tumeshaliona hili likifanya kazi kwenye karafuu. Miaka nenda rudi watu walihubiriwa uzalendo, vikosi vikakesha Pemba kukamata magendo ya kuvushwa Kenya, na karafuu ziliendelea kuvuka. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha bei kwa kishindo, ikafika shilingi 15,000 kwa kilo, na watu wakarudi kusafisha mashamba waliyoyasahau. Mikarafuu ni ile ile, watu ni wale wale. Wachumaji bado wana yao: wanalipwa kwa pishi, wanapanda miti mirefu bila kamba, na anayeanguka maisha yake yanageuka siku hiyo. Lakini hilo lina watu wanaolijua kuliko mimi, nawaachia ndugu zangu wa Pemba waliandikie barua yake.

Narudi kwa mama. Mbele ya sheria yeye si mwajiriwa. Hana mkataba wala likizo, na akichomwa na nge wa bahari hana fidia. Lakini kamba na taitai alipewa na kampuni, mbegu akaonyeshwa na kampuni, na bei inapangwa na kampuni. Mfanyabiashara gani huyo asiye na bei yake? Mpango wa hiari wa ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, upo, na nilimwandikisha mimi. Michango ilikatika mwaka ambao mwani ulikatika, na sikuwa nimeajiriwa kumchangia, ilikuwa masika. Mnunuzi akichangia kidogo kwa kila kilo anayopima, na Serikali ikatia chake, hesabu hiyo ingekuwa inajazwa na mizani yenyewe. Mliweza mwaka 2016 kuanzisha pencheni jamii kwa kila mzee wa miaka 70, kwa fedha zetu wenyewe, kabla ya nchi nyengine za Afrika Mashariki. Hilo lilinifanya nitembee kifua mbele mbele ya wageni wangu. Mama ana miaka 63. Kwa hesabu hiyo bado miaka saba ya kuinama.

Mtanijibu kwamba nchi ndogo ikimpandishia mfanyakazi gharama, mwekezaji anahamia kwengine. Sisi ni watu 1,889,773 kwa sensa ya 2022, ni sehemu ndogo ya dunia, najua. Morisi ni wachache kuliko sisi. Mwaka 1961 mchumi James Meade, ambaye baadaye alipata tuzo ya Nobel, aliongoza kamati iliyoitazama Morisi na kuandika kuwa mustakabali wake ni wa mashaka: miwa peke yake, watu wengi, ardhi kidogo. Mwaka 1970 walipitisha sheria ya viwanda vya kuuza nje, na hapo hawakuwa malaika, waliwalipa wanawake wa viwanda vya nguo ujira mdogo. Lakini kazi zilipojaa na watu wakaanza kuwa haba mwishoni mwa miaka ya 1980, mishahara ikapanda, na viwanda vilivyotaka kubaki vikalazimika kuleta mashine bora na kufundisha, vilivyotegemea urahisi wa mikono vikahamia kwengine. Waliviacha vihame. Julai 2020 Benki ya Dunia ilipotangaza kuwa Tanzania imeingia kipato cha kati cha chini na sisi tukashangilia, tangazo lile lile liliipandisha Morisi daraja la kipato cha juu. Korona iliwarudisha chini kidogo mwaka uliofuata. Kidogo.

Na gharama hazitoki kwa mfanyakazi peke yake. Desemba 2009 waya wa umeme wa chini ya bahari ulipokufa, Unguja ilikaa gizani hadi Machi 2010. Nakumbuka majenereta, nakumbuka bei ya barafu, na nakumbuka hoteli zikipunguza watu. Tija ya miezi ile mitatu nani aliulizwa?

Juu ya mshahara sitasema mengi, kwa kuwa mmesogea. Mei Mosi 2022 kima cha chini cha watumishi wa umma kilitoka 300,000 hadi 347,000, na sekta binafsi nayo mkaigeukia baadaye. Ninachoomba ni mkaguzi. Nimeona mkaguzi wa kazi akija kwenye hoteli moja niliyofanya, akapokewa na meneja, akanywa juisi ya ukwaju, akaangalia mafaili, akaondoka. Hakuteremka dobi, na mafaili yale tuliyasaini usiku wa kuamkia siku hiyo. Mkaguzi mwenye pikipiki na mafuta, anayefika bila kutangulizwa na simu na kuzungumza na watu nje ya geti, atafanya kazi kubwa kuliko warsha kumi za tija kwenye ukumbi wenye kiyoyozi.

Kwa hiyo, wakati wa kuandaa bajeti ijayo, nitaomba mambo haya yaandikwe na kupewa fungu: kifungu cha mkataba wa msimu unaoendelea, wiki nane za mafunzo ya masika, kwa fedha ya tozo ambayo tayari inakusanywa, madaraja ya bei kwenye mwani na mchango wa hifadhi ya jamii kwenye mizani. Na kila Mtakwimu Mkuu atakapotoa idadi ya wageni, atoe ukurasa mmoja wa idadi ya walioajiriwa, walioachwa na waliofundishwa mwezi huo. Hilo la mwisho ni rahisi na nadhani ndilo mtakalolikataa.

Mkataba wangu unaisha tarehe 31 Machi. Kuanzia hapo nitakuwa nyumbani Jambiani, nikimsaidia mama kufunga taitai. Mkitaka kuja kuona, karibuni, lakini msije siku yoyote tu kama ilivyo kawaida ya ziara. Angalieni mwezi kwanza, mje wakati wa bamvu, mfike asubuhi maji yakianza kupwa, mvae viatu vya raba maana kuna fuma. Maji mafu mtakuta ufuo mtupu na mtadhani hakuna anayefanya kazi.

Wabillahi tawfiq.

Msimamizi wa hausikipingi, kwa sasa
Jambiani, Kusini Unguja